Filamu Iliyopigwa Mara Mbili

Mzee wa Maabara hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo yalipungua zaidi. Alimwita msichana nyuma ya kaunta, akawasha sanduku la mwanga, akapanga juu yake slaidi chache alizokuwa amezitia fremu asubuhi ile, kisha akasogea kando na mikono yake mifukoni, akimpisha kama watu wanavyompisha mfiwa.

"Angalia mwenyewe, binti yangu."

Msichana aliinama. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miwani, na yeye mwenyewe alivaa miwani mizito, ndiyo maana yule kijana fundi wa lifti aliyemnyima usingizi mwaka mzima alimwita Macho Manne, akilitamka jina hilo kwa namna ambayo mtu mwingine asingethubutu. Macho yote manne sasa yalikuwa juu ya slaidi ya kwanza, na hayakuelewa yanaona nini.

"Zimepauka," alisema.

"Zimepauka, ndiyo. Angalia tena."

Akaangalia tena. Kulikuwa na kiti cha plastiki uani, na juu ya kiti zilipanda ngazi. Akachukua ya pili. Bega la mwanamume mzee, na katikati ya bega mlango wenye kufuli. Ya tatu ilikuwa uso, au kitu kilichokuwa uso kabla haujabandikwa ndoo mbili.

"Nani ameweka mlango kwenye bega la mtu?" aliuliza, na kabla hajamaliza kuuliza alikwisha jua. Mlango ule aliupiga picha yeye mwenyewe.

"Filamu hii imepita kwenye kamera mara mbili," alisema Mzee. "Kwanza mtu mmoja, halafu mtu mwingine. Mwanga juu ya mwanga. Na hii nyingine uliyoniletea pamoja nayo haikupigwa kitu." Akanyanyua ukanda mrefu, mweusi tii. "Slaidi isiyoona mwanga ndivyo inavyotoka."

Filamu ya kawaida ina huruma. Ina negativu yake, ile picha ya kinyume inayotolewa nakala, picha ikiharibika unasafisha nyingine, ikiwa na giza fundi anaipandisha kidogo. Slaidi haina huruma na haina ndugu. Kile kipande kilichokaa ndani ya kamera siku ile ndicho hicho hicho kinachotiwa fremu, ndicho kinachomulikwa ukutani, na hakuna kingine. Yeye alikuwa amelipenda jambo hilo tangu alipofundishwa. Alisema slaidi ni kama neno lililotoka kinywani. Sasa alitamani asingekuwa amesema hivyo.

Maana kiti kile cha plastiki alikijua bila kukiona. Alisimuliwa habari zake mara nyingi. Baba yake yule kijana, Bwana Lifti kama alivyomwita yeye, alichukia kupigwa picha maisha yake yote. Ukimwelekezea kamera aliinua kiganja akaziba uso. Asubuhi moja tu, uani, mkewe akiwa anamnyoa ndevu, alisema haya, piga basi, leo sijisikii kugombana. Kijana akapiga filamu nzima. Haukupita muda mrefu mzee akafariki. Filamu ikabaki ikisubiri, kwa sababu dawa za slaidi Mzee wa Maabara huchanganya mara chache, mpaka filamu za watu zijae. Mama mtu hakuwa na picha nyingine ya mumewe isipokuwa ile ya kitambulisho, aliyokunja uso.

Na Jumapili hii mama huyo angekaa mbele ya shuka nyeupe kumsubiri mumewe amulikwe. Ndiyo siku hiyo hiyo aliyokubali pia, baada ya kubembelezwa mwaka mzima, kumwona kwa mara ya kwanza mwanamke anayetaka kuolewa na mwanawe.

"Nimezitia zote fremu, ziko kwenye kisanduku," alisema Mzee wa Maabara. "Usitupe hata moja. Na usizimalizie hapa. Slaidi haihukumiwi mezani. Zitazame zote, gizani, zikiwa kubwa."

Macho Manne alidhani anafarijiwa tu. Alishukuru, akafunga kisanduku, akakitia kwenye mkoba. Alipotoka nje alikuwa amekwisha kata shauri: asingelala na siri hii hata usiku mmoja.

*

Lifti ya jengo lile iliishia ghorofa ya mwisho. Kutoka hapo mtu alipanda ngazi nyembamba za chuma mpaka chumba cha mashine, chini ya paa. Alizipanda akisikia moyo wake kuliko viatu vyake. Bwana Lifti alikuwa amechuchumaa kando ya mota, taa kwenye paji la uso, grisi mpaka viwikoni. Alimwona, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Macho Manne! Umekuja na Baba?"

Kama angemwuliza kitu kingine chochote ingekuwa rahisi kidogo.

"Nimemharibu," alisema. "Nimepiga juu yake. Katika zile filamu mbili ulizonipa, niliyofanyia mazoezi ndiyo iliyokuwa ya Baba, na ile niliyodhani ni ya Baba ilikuwa mpya. Nimetoka maabara sasa hivi. Samahani. Najua samahani haitoshi."

Taa ya kwenye paji la uso ilimmulika usoni na haikuondoka. Nyuma yake kamba za chuma zilizunguka. Mtu fulani huko chini alikuwa anapanda kwenda zake nyumbani.

"Haiwezekani," alisema kijana. "Ulimi ulikuwa umekunjwa."

"Ulimi gani?"

"Wa filamu! Ile ncha inayotokeza nje. Filamu niliyokwisha piga naukunja ulimi wake. Ulionyooka ni mpya, uliokunjwa imetumika. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Mzee wa Maabara anajua."

"Mimi si Mzee wa Maabara! Hukuwahi kuniambia. Niliukuta umekunjwa, nikaunyoosha."

"Ukafanyaje?"

"Nikaunyoosha. Nikaubana ndani ya kitabu mpaka asubuhi, ukanyooka vizuri kabisa. Nilidhani umepinda mfukoni mwako. Mimi kutwa nzima ninanyoosha miguu ya miwani ya watu, nikiona kitu kimepinda mkono unakwenda wenyewe."

Bwana Lifti alisimama pale baina ya kicheko na kilio. Kisha akavua taa, akaketi juu ya sanduku la vifaa, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Macho Manne alitaka kumgusa. Aliogopa.

Ni chumba hiki hiki ambamo kijana alimfundishia kamera ile ya zamani, ya kutazamia kwenye kidirisha cha pembeni. Hapa hapa ndipo alipomcheka kwa kusahau kifuniko cha lenzi, akakitoa yeye mwenyewe, na katika kukitoa akaushika mkono wake, wala hakuuachia mapema. Wakati ule harufu ya grisi ilimwingia moyoni akaibeba mpaka nyumbani. Leo aligeuza uso asiinuse.

"Sikiliza," alisema kijana, akiinua uso uliochafuka. "Mama hatajua. Nitamwambia dawa za maabara ziliharibika. Mzee atakubali, tumefahamiana siku nyingi. Atalia, atamlaani fundi, yataisha."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nitamwambia mwenyewe. Jumapili, kabla hamjawasha projekta."

"Una wazimu? Unajua anakuitaje? Tangu aliposikia uliwahi kuolewa ukaondoka, anakuita mwanamke wa kuvunja. Mwaka mzima nimehangaika kumlainisha. Sasa wewe unataka kwenda kumpa rungu mkononi?"

"Anipige nalo, basi. Ni haki yake. Mimi ndiye niliyemfuta mumewe, si Mzee wa Maabara."

"Atakufukuza. Na akikufukuza mbele yangu siwezi kumkaidi, mwaka huu siwezi, amefiwa. Unaelewa? Itakuwa imekwisha. Mimi na wewe, imekwisha."

"Naelewa."

"Na bado utasema?"

"Bado nitasema."

Kijana alisimama, akamkaribia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Hebu niambie. Unanipenda mimi, au unapenda kusema kweli?"

Swali lilimchoma, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye yeye angempa figo. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nakupenda mpaka najionea aibu," alisema. "Lakini nyumba yangu ya kwanza haikuvunjwa na ugomvi. Ilivunjwa na uongo mdogo mdogo, wa kuokoa jioni. Leo kidogo, kesho kidogo. Jioni ziliokoka zote, ndoa ndiyo iliyokufa. Niliapa siku ile nikitoka na sanduku langu kwamba sitaingia tena mlango wa mtu kwa njia hiyo. Hata mlango wako."

"Basi nenda peke yako," alisema kijana. "Mimi siwezi kusimama pale nikikutazama unajichinja."

"Kisu nitakishika mwenyewe. Wewe washa projekta tu."

Akashuka ngazi za chuma bila kugeuka. Ndani ya lifti aliegemeza kichwa kwenye kioo, akalia ghorofa zote mpaka chini, na mlango ulipofunguka alikuwa amekwisha kujifuta uso. Kijana hakupiga simu usiku ule, wala Jumamosi. Msichana aliweka simu kifudifudi mezani, akaigeuza, akaiweka tena kifudifudi. Shauri lake hakuligeuza.

*

Jumapili mchana wifi mtu, mdogo wake Bwana Lifti, alimfungulia mlango akiwa na pini za kufungia nguo mdomoni. Akarudi kupanda stuli, akaendelea kuning'iniza mablanketi madirishani ili sebule iingie giza.

"Karibu, wifi," alisema kupitia pini. "Usiniangalie, naweza kuanguka. Mama yuko ndani anavaa. Amebadilisha gauni mara tatu, huyo mtu, utadhani anakwenda kuposwa."

Bwana Lifti alikuwa kwenye kona, ameipinda shingo juu ya projekta. Alijibu salamu bila kuinua macho. Alikuwa amenyoa, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vibaya, mkunjo mmoja ukikatiza kola. Mkono wa msichana ulitaka kwenda wenyewe. Aliuzuia.

Kisha mama akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mgongo wima, amevaa gauni la maua na hereni za dhahabu, na alinukia marashi. Macho Manne alielewa mara moja kwamba hayo yote hayakuwa kwa ajili yake. Mwanamke huyu alikuwa amejipamba kumpokea mumewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye miwani?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Kaa. Nimeambiwa picha ziko kwako."

Hakukaa. Alitoa kisanduku kwenye mkoba, akakishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo lake, akapiga moyo konde.

"Mama, kabla sijakaa kwenye kiti chako nina neno. Picha za Baba zimeharibika, na niliyeziharibu ni mimi. Mwanao aliniazima kamera nijifunze. Nikachukua filamu yake nikidhani ni mpya, nikapiga vitu vyangu juu yake. Ngazi, milango, ndoo. Sikukusudia, lakini ni mkono wangu. Sikutaka uzione kwanza ukaambiwa ni maabara."

Wifi juu ya stuli alitoa pini mdomoni, moja moja. Mama alikuwa akitazama kisanduku, na uso wake haukukunjamana wala haukulegea.

"Zote?"

"Nimeona tatu tu, Mama. Nikashindwa kuendelea."

"Mama, nusu ya kosa ni yangu," kijana alidakia ghafla, na sauti yake ilikwaruza. "Filamu ilikuwa na alama, nami sikumwambia maana yake. Halafu nilitaka tukufiche. Yeye ndiye aliyekataa."

Alikuwa ametoka kwenye kona. Alisimama kando ya msichana, begani kwake, mahali aliposema kwamba hataweza kusimama. Macho Manne hakumtazama, lakini joto la mkono wake alilihisi.

"Wewe nyamaza, zamu yako itafika," mama alimwambia. "Ulitaka kunificha vipi?"

"Kwamba ni dawa za maabara."

"Nilijua. Baba yako alikuwa akisingizia fundi wa gari." Akageuka, akaketi kwenye kiti kilichoelekea shuka, akaweka mikono mapajani. "Zima taa."

"Mama, si lazima leo," alisema wifi. "Tunaweza kungoja mpaka—"

"Nimevaa hereni zangu. Zima taa."

Projekta ikawaka, feni yake ikavuma, na mstatili mweupe ukatua juu ya shuka. Kijana alitia slaidi ya kwanza. Kiti, na ngazi juu ya kiti. Ilikuwa kubwa sasa, kutoka dari mpaka sakafu, na kupauka kwake kulionekana zaidi. Slaidi ikashuka kwa mlio mkavu, nyingine ikaingia. Bega na mlango. Nyingine. Mkono wa mzee, na ndani ya mkono vitasa vya kabati la dukani.

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza.

"Kabati la miwani, Mama. Kazini kwangu."

"Na hiyo?"

"Ndoo za jirani."

"Ulipiga picha ndoo?"

"Zilikuwa na rangi nzuri, Mama. Nyekundu na njano. Slaidi inapenda rangi."

"Baba amebeba ngazi kichwani," alisema wifi gizani, akijaribu kucheka, na sauti ikamkatikia katikati.

Zilipita hivyo moja baada ya nyingine. Kila moja Macho Manne aliiona ikiingia mwilini mwake. Mara hapa jicho, mara pale kola ya shati, mara nusu ya tabasamu likizama ndani ya ukuta alioona siku ile kwamba una kivuli cha kupendeza. Mama hakulia. Hilo lilikuwa baya kuliko kulia. Msichana alisimama tu, kwa kuwa alikuwa amejiahidi kwamba ataziona zote akiwa wima, na mwishowe atakapoambiwa atoke, atatoka akiwa wima vilevile.

Mlio mkavu. Slaidi nyingine ikaingia.

Sebule nzima ilibadilika rangi.

Beseni la bluu, bluu yenyewe. Taulo la kijani shingoni. Povu jeupe kwenye shavu moja, shavu la pili limekwisha kunyolewa na linang'aa kwa maji. Na mzee mwenyewe, bila ngazi, bila mlango, bila ndoo, kila unywele wa mvi mahali pake, amefungua kinywa anacheka, na hakuwa akitazama kamera hata kidogo. Alikuwa akimtazama mwenye mkono ulioshika wembe. Mkono tu ndio ulioonekana, na pete yake.

Mama aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye shuka, na mwanga ukamwangukia mgongoni, maua ya gauni lake yakachanganyika na beseni na taulo. Alipoona anamziba, akasogea kando, akaweka vidole kwenye shuka, pale penye kidevu.

"Kwa nini huyu amepona?" alinong'ona.

"Sijui, Mama," kijana alisema. "Hii hukuipiga?" alimwuliza msichana. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake siku hiyo, mbali na salamu.

"Niliipiga. Nilipiga zote mpaka mwisho. Baada ya kabati na ndoo nilikuja kazini kwako, nikapiga…"

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na kwenye mwanga ule wa rangi kila mmoja aliona mwenzake amekumbuka.

"Kifuniko," alisema kijana.

"Kifuniko," alisema msichana.

"Kifuniko gani?" mama aligeuka. "Semeni nami nielewe, hapa ni kwangu."

Macho Manne alihisi masikio yanawaka. Lakini aliyekwisha sema lile la kwanza angewezaje kuficha hili?

"Mama, kamera ile unatazama kwenye kidirisha chake, si kwenye lenzi. Ukisahau kutoa kifuniko hakikwambii. Wewe unaona kila kitu, kamera haioni kitu. Siku ile nilikuwa nampiga picha mwanao, kazini kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kupata kisingizio cha kumtazama nitakavyo. Nikabonyeza. Lenzi ilikuwa imefungwa, hakuna mwanga ulioingia. Ndiyo sababu Baba hakuguswa."

"Ulisahau kifuniko."

"Nilisahau mpaka jina langu, Mama."

"Eh!" alisema wifi. "Kumbe na huyu kaka yangu anasahaulisha watu majina?"

"Wewe, adabu," mama alisema, lakini hakuwa na ukali. Alikuwa amerudi kwenye shuka. "Mnaona hapa kidevuni? Hii nukta nyekundu? Nilimkata. Maisha yangu yote nimemnyoa yule mtu, sijamkata. Asubuhi ile aliniambia neno, nikacheka, mkono ukateleza."

"Neno gani, Mama?"

"Halikuhusu."

Alisimama pale kwa muda mrefu. Waliokuwa nyuma yake waliona mabega yakitikisika mwishowe, na wifi alitaka kumwendea, kaka yake akamzuia kwa mkono. Mama alilia alivyotaka, kisha akajifuta kwa upande wa kiganja, akageuka, na sauti yake ikarudi ilivyokuwa.

"Yule mume wako wa kwanza. Alikuacha au ulimwacha?"

"Nilimwacha, Mama."

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana. Alikuwa ananidanganya, nami nikaanza kujifunza kumdanganya. Nikaona nitazoea."

Mama alitikisa kichwa polepole, akamgeukia mwanawe. "Umesikia hiyo? Wewe na dawa zako za maabara."

"Nimesikia, Mama," alisema kijana. "Nilisikia tangu Ijumaa. Nilichelewa tu kukubali." Akatafuta mkono wa Macho Manne gizani, mbele ya mama yake, akaushika, na mara hii pia hakuuachia mapema.

"Ziko nyingine baada ya hii?"

"Zipo, Mama. Lakini ni zilizochanganyika."

"Tutaziona. Na zile za mwanzo tutazirudia. Wewe wa miwani, kaa hapa." Alipiga kiti kilichokuwa kando yake. "Uniambie kipi ni chako na kipi ni chake, maana mimi niliolewa na mume wangu, sikuolewa na ngazi."

Macho Manne alikaa. Kijana aliitoa ile slaidi kwenye projekta, akaileta imelala kiganjani mwake, kipande kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

"Ni hii moja tu, Mama," alisema. "Ikipotea hakuna nyingine duniani."

Mama aliichukua. Aliinyanyua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akamtazama mumewe akiwa mdogo kiasi cha kucha, akicheka. Kisha akaushika mkono wa msichana, akaufungua, akaiweka slaidi ndani yake na kuvifunga vidole vyake kimoja kimoja.

"Itunze wewe," alisema.

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Hawa wangu wataipoteza. Lakini aliyeharibu zote zile, hii moja atailinda kuliko sisi sote. Na kila Jumapili utaniletea niione."